Siku Nilipomnyima Mama Mkwe Uzee Wake

Nakumbuka siku moja ya handaki, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Harusi watu walinisimulia baadaye. Ile siku ya handaki hakuna aliyenisimulia, maana aliyeiharibu ni mimi.

Lakini kwanza nikuambie kwa nini naandika. Jumapili ulikuja, Kendi, ukaketi kwenye kiti cha marehemu babu yako, ukaniambia chuo kikuu kimekupa somo jipya la kufundisha: jinsi watu wanavyozeeka na jinsi wenzao wanavyoishi nao. Ukasema, "Cucu, nyanya yangu, njoo Alhamisi uketi mbele ya wanafunzi wangu uwaambie." Nikafumba macho. Ukadhani nimechoka, ukaniletea mto wa kuegemea. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa naona wivu.

Ndiyo, wivu. Usicheke. Mimi nimezeeka miaka yote hii bila mtu kunipa cheti, na wewe ambaye hata goti halijakuuma unasimama na chaki kueleza uzee ni kitu gani. Shule yangu ilikuwa gumbaru, ile ya watu wazima, miezi saba, nikajua kusoma Biblia na kuandika barua. Kiswahili nilikipata sokoni Gakoromone nikiuzia ndizi akina mama Waislamu wa mjini, wake za wauza nyama. Kwao, mtu ukiwa na jina moja naye, huyo ni somo wako. Kwa hivyo uliposema una somo la uzee, mimi nilimkumbuka mtu, si kitabu. Basi tulia nikuambie habari zake.

Wakati wa Imajensi, Mwingereza alipotangaza hali ya hatari, tulitolewa mashambani kwetu tukasukumwa kwenye kijiji kimoja, nyumba zimebanana kama punje kwenye gunzi. Kijiji kilizungushiwa handaki refu lenye miti iliyochongwa, na wachimbaji tulikuwa sisi wanawake. Babu yako alikuwa kizuizini. Nilibaki na mama yake, Karimi, katika nyumba moja, pamoja na mtoto wangu wa miaka miwili, ambaye ndiye mama yako. Desturi unaijua: msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kwa hivyo nyumbani walikuwa Karimi wawili, na mimi katikati.

Mama mkwe alipenda mzaha. "Huyu mtoto ni mimi," alikuwa akisema, "basi wewe uliyemzaa ni mama yangu. Mama, niletee maji!" Majirani wanacheka. Mimi sicheki.

Wazee hawakuchimba. Walibaki juani na watoto, wakipukuchua mbaazi na kupiga hadithi. Mimi narudi jioni, tope hadi magotini, mtoto ananiona pale langoni, anakimbia, nafungua mikono. Ananipita. Anakwenda kushika nguo ya nyanya yake. Leo hivyo, kesho hivyo. Nami nageuka naingia ndani bila kusalimu mtu. Nikajiambia, mimi nachimba, yeye anapendwa. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Hivyo ndivyo wanavyosema. Mimi sikukonda. Nilinenepa mdomo.

Siku hiyo hedimani, msimamizi wetu wa serikali, alikuja na hasira. Amesikia kwamba kuna wanawake wanajifanya wazee ili wakwepe jembe. Akawapanga mstari wote waliokuwa wakibaki nyumbani. Karatasi ya kuzaliwa nani alikuwa nayo? Akaanza kuwapima kwa paji la uso. Sisi hubeba kuni mgongoni, kamba inapita juu ya paji, na miaka ikienda kamba inachimba kibonde pale. Kibonde kikiwa kirefu, umri umejisema wenyewe. Cha mama mkwe kingeweza kushika punje ya mahindi. Hedimani akakitazama, akasema, "Wewe rudi nyumbani."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Hicho ni cha kuni, si cha uzee," nikasema. "Mimi ndiye ninayeishi naye. Jana tu amepandisha mtungi kutoka mtoni bila kupumzika hata mara moja."

Hedimani alicheka mpaka kofia ikateleza. "Mkaza mwana ametoa ushahidi! Haya, msichana, chukua jembe."

Alimwita msichana, mama wa watoto saba. Mama mkwe hakunitazama. Alichukua jembe, akashuka handakini, akasimama karibu nami. "Sogea," akasema, "usije ukanikata mguu."

Mwanangu, nilidhani nimeshinda. Mtoto tulimwachia jirani mmoja, mama kipofu, nami nikangoja jioni nione atamkimbilia nani. Alisimama langoni akatutazama sisi wawili, tope letu moja, uchovu wetu mmoja, na hakumkimbilia mtu. Kesho yake hivyo hivyo. Nyanya yake akijaribu kumwinua, mikono inashindwa, inamrudisha chini. "Somo," akamwambia mtoto, nikimtafsiria kwa Kiswahili cha sokoni, "leo mgongo wangu umechukuliwa na serikali." Hata hapo alitania.

Wiki ya pili mvua ikanyesha, ukingo ukalainika, akateleza. Nyonga yake ilitoa sauti niliyoisikia nikiwa hatua tatu kutoka kwake. Hedimani akaja, akachungulia chini, akasema, "Mpelekeni nyumbani. Sasa amezeeka."

Hilo liandike ubaoni. Asubuhi yule alikuwa mwanamke mwenye nguvu zake na heshima yake. Saa sita alikuwa mzee, na aliyemzeesha si Mungu. Nilikuwa mimi, kwa mdomo. Tena nilimtenda vibaya mara mbili: kwanza nilimnyima uzee alioupata kwa jasho, kisha nikamtwika mwingine ambao haukuwa wake.

Tulimbeba wanawake wanne. Nilikuwa namkanda na mafuta ya nyonyo, mtoto ameketi kando akitutazama, ndipo mama mkwe aliponiita.

"Mama." Safari hii bila mzaha. "Ulikuwa unaona wivu wa nini?"

Nilitaka kukana, lakini mikono yangu ilikuwa juu ya nyonga yake. "Mtoto ananipita," nikasema. "Kila siku. Anakuja kwako."

Akaanza kucheka, kicheko kikamuuma, akakikata. "Anakuja kwa uji! Nilimwambia mama hapokelewi kwa mikono mitupu. Anakuja tushike kibuyu pamoja tukuletee pale langoni. Tukigeuka, wewe umeshaingia ndani na uso kama mlango uliofungwa. Huo uji uliokuwa unaukuta kando ya moto, ulidhani umejichemsha?"

Nikachovya vidole kwenye mafuta tena, nikaendelea kumkanda.

"Mimi kwa jina ni mtoto wako," akasema. "Ni mama gani humshusha mtoto wake shimoni kwa sababu amependwa?"

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Hakubeba kuni tena; nilibeba za watu wawili. Babu yako aliporudi akakuta mama yake anachechemea, akauliza nini kilitokea. Nilisimama mlangoni nikingoja kufukuzwa kwa haki. Mama mkwe akamwambia mwanawe, "Niliteleza. Mvua." Basi. Angenichapa ingeniuma siku mbili. Ule msamaha ulinichapa miaka. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza nyonga ya mwenzangu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikiliza, wewe na wanafunzi wako. Msimwambie mtu kwamba ni mzee, wala msimwambie kwamba bado si mzee. Mwulizeni mwenyewe. Mkimwona mzee ameketi na mtoto juani, msiseme huyo amepumzika. Hamjui ni uji wa nani anaouchemsha. Mzee akipendwa na mtoto wako, hajakuibia kitu. Na wivu ukikushika, useme ukiwa bado mdogo, kwa jina lake, mbele ya yule unayemwonea. Ukiuficha utatafuta hedimani wa kumwambia, na mahedimani hawajawahi kwisha duniani.

Mimi nimekwisha kuusema wangu. Alhamisi nitakuja. Lakini usinishike kiwiko kabla sijakuomba, usiniletee mto, na ukimaliza kunitambulisha ukae chini, uniache niseme.

Siku hiyo nitakutemea mate kifuani kama wazee wetu walivyobariki. Kwa sasa pokea kwa karatasi. Mungu akupe miaka hadi paji lako lijae mistari. Akupe watoto wa kukukimbilia na watoto wa kukupita, na moyo wa kungoja uone wanakwenda wapi. Uzee wako usikatwe na mtu yeyote, wala usiletwe na mtu yeyote kabla ya siku yake. Na ukifika, wenzako wakuonee wivu, wakuambie hivyo usoni, mcheke pamoja. Thaai, amani iwe nawe.