Kwenye Foleni ya Bembea Nilimtukana Mama Mkwe Bila Kumtazama

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie pa kujificha. Nimeshajitetea kwa mume wangu, nimejitetea kwa majirani, nimejitetea hata peke yangu bafuni, na kila nikimaliza najiona nanuka. Basi leo nasema. Jina langu silitaji, na la mtoto nimelibadilisha, maana mji wetu wa Rubwera ni mdogo na watu wake wana masikio.

Mimi nina kaduka ka vitenge na viatu vya watoto. Kwetu ni Muleba, nimeolewa huku Kyerwa. Mdomo wangu hauna breki. Hata aliyenioa alionywa mapema, mama yangu alimwambia kabisa, "Huyu anapika vizuri, ila usimuudhi mbele za watu." Akacheka, akadhani ni utani.

Sasa kuna bwana mmoja alifungua bustani ya michezo nje kidogo ya mji. Kuna bembea kubwa ya kuzunguka, kitreni, jumba la upepo ambalo watoto wanarukaruka ndani yake, na bwawa dogo la kuogelea. Binti yangu Aneth, wa darasa la kwanza, alikuwa anaiota usiku. Jumatatu ya Pasaka nikasema haya, twende. Mume wangu akabaki nyumbani na mpira wake kwenye televisheni. Tukaenda mimi, Aneth na mama mkwe.

Huyu mama mkwe lazima mumjue kwanza. Alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, nchi jirani, akavushwa akiwa mgongoni kwa mama yake wakati wa machafuko ya huko. Akakulia kijijini Nyakatuntu, akaolewa hapo, akazaa hapo, akamzika mumewe pembeni ya shamba lao la migomba na kahawa. Kiswahili chake mpaka leo kina lafudhi ya alikotoka. Nilipojifungua Aneth kwa kupasuliwa, nikawa siwezi hata kujigeuza kitandani, mama yangu mzazi alikaa siku chache akarudi Muleba kwa mifugo yake. Huyu aliacha shamba lake akaja kuniogesha, akanifulia nguo zenye damu, akalala chini pembeni ya kitanda changu, na hakuondoka tena. Mtoto kalelewa na yeye, mimi niko dukani.

Tukafika bustanini. Jamani, uchafu!

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, tope jekundu kila mahali, hilo si kosa la mtu. Lakini watu! Watu wazima, wamevaa nguo za kanisani, wamekaa ukingoni mwa bwawa wanatafuna miwa na makapi wanatemea majini. Makapi yanaelea, watoto wanaogelea katikati. Kijana mzima mwenye ndevu amesimama kwenye maji ya watoto, kanyamaza, anatazama mawingu, na maji yanabadilika rangi kumzunguka. Niliona kwa macho yangu! Aneth alikuwa ameshavua viatu, nikamwambia avae tena.

Mbele kidogo mama mmoja kamvua mtoto nepi, kaitupa chini ya bembea ndogo, mkono kajifutia kwenye kamba ambayo watoto wanashika. Nikamfuata mlinzi. Akanijibu bila hata kusimama, "Mama, leo sikukuu. Wote wamelipa kiingilio."

Mama mkwe akanivuta kanga. "Tuache, mama Aneth. Mtoto apande moja, turudi."

Tukasimama foleni ya bembea kubwa. Aneth mbele yangu, mama mkwe nyuma yangu kashika sweta la mjukuu. Foleni haisogei, jua limetoka, harufu ya jasho na mafuta ya chipsi. Tulipokaribia kabisa, zamu yetu ile, akaja mwanamke wa gauni la njano na kundi lake la watoto. Simu inapiga muziki kifuani, mkononi paja la kuku. Akapita mbele yetu kama tumepandwa pale. Watoto wake wakasukuma, Aneth akaenda chini kwenye tope na gauni lake jipya la Pasaka.

Nilianza kwa adabu, naapa. "Samahani dada, foleni inaanzia kule."

Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Akanyonya mfupa, akautupa, ukaniangukia kwenye kidole cha mguu. Ukiwa na mate yake! Akasema, "Una haraka? Kajenge bembea kwako." Kisha akageuka kuongea na watoto wake kwa lugha ya nyumbani kwao, wakacheka. Ile lafudhi nikaijua, naisikia nyumbani kila siku.

Ningeweza kumjibu, mdomo ninao. Ningeweza kumchukua mtoto wangu nikaondoka. Mimi nikapanua koo:

"Askari! Hawa si raia! Wamevuka mto hawa, sikilizeni hata wanavyoongea! Warudi kwao na uchafu wao!"

Ninyi wa mbali hamjui uzito wa maneno hayo huku mpakani. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba si raia, atacheka. Huku kwetu mtu akiambiwa hivyo mkono unakimbilia mfukoni kuangalia kama kitambulisho kipo. Kuna watu babu zao wamezikwa hapa na bado wakisikia neno hilo wanabadilika uso. Mimi hilo nalijua vizuri, nimeolewa katikati yake. Ndiyo maana nililichagua. Nilitaka limuume.

Na watu wakashangilia! "Kweli kabisa! Wapelekwe!" Hata yule wa nepi naye alishangilia. Nikaona raha. Hiyo raha ndiyo inayonitia kinyaa kuliko mfupa wa kuku.

Akaja askari wa mgambo na bwana mmoja wa uhamiaji aliyevaa kiraia. Wakamwendea wa gauni la njano. Mwanamke hakutetereka. Akafuta mikono kwenye gauni, akafungua pochi, akatoa kitambulisho cha taifa, akawawekea karibu na pua. "Someni. Bweranyange, nchi hii hii. Kuzaliwa na kukua." Wakamrudishia. Akapanda bembea na watoto wake wote, akanipungia mkono akiwa juu.

Ningefurahi mambo yangeishia hapo. Lakini ukishaita watu wa kuuliza, hawaulizi mmoja wakaondoka. Wakaanza kuifuata foleni mtu na mtu. Kulikuwa na baba mmoja mpole na watoto wawili, amesimama zamu yake tangu asubuhi hajamsukuma mtu, hakuwa na kitambulisho, wakamtoa. Kisha wakafika nyuma yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu."

"Bibi ni mwenyeji wa wapi?"

"Nyakatuntu."

"Kuzaliwa?"

Mama mkwe akalikunja sweta la mjukuu. Huyu ni mtu ambaye hajui uongo, hata bei ya ndizi hawezi kudanganya. Akasema, "Ng'ambo."

"Kitambulisho?"

Kiko Nyakatuntu, ndani ya sanduku, chini ya shuka za harusi yake. Nani anabeba kitambulisho kwenda kwenye bembea na mjukuu?

Nikaruka kama nimemwagiwa maji ya moto. "Huyu ni mama mkwe wangu! Mwacheni!"

Yule wa kiraia akanigeukia. "Si wewe mama uliyetuita?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu.

Foleni nzima ikasikia. Akatokea mtu nyuma huko, simjui mpaka leo, akapaza sauti, "Kumbe mwenyewe anao nyumbani!" Wakacheka. Watu walewale waliokuwa wananishangilia.

Wakamkalisha mama kwenye benchi karibu na geti, pamoja na yule baba mpole na watoto wake. Hawakumpiga wala kumtukana, nisiwasingizie. Lakini alikaa pale, mwanamke mzima wa kanisa, kilemba chake cha Pasaka kichwani, mikono mapajani, na kila aliyeingia na kutoka anamwangalia. Aneth akamng'ang'ania goti. "Bibi amefanya nini? Mama, bibi amefanya nini?" Niliomba ardhi inimeze.

Nikampigia mume wangu, akaja na bodaboda. Akaongea nao, akampigia mwenyekiti wa kijiji, wakamwachia mama yake na pole wakampa. Yule baba hakuwa na mtu wa kumpigia. Tulipotoka alikuwa bado kakaa. Sijui aliishia wapi, na sikurudi kuuliza. Hilo nalo liandikeni juu yangu.

Mume wangu akainama, akafuta tope kwenye miguu ya mama yake kwa shati lake mwenyewe. Mimi hakuniuliza kitu. Walishamwambia.

Jioni ile mama alikula, akaongoza sala, akamlaza mtoto. Nilitamani aniseme! Asubuhi nikamkuta kafunga kifurushi chake. "Mama Aneth, shamba limeota majani. Naenda kupalilia." Na mimi, kwa ujinga na uoga wangu, nikashukuru moyoni kwamba hatutaongea. Nikajiambia palizi ikiisha atarudi.

Palizi ikaisha, kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaanikwa. Hakurudi. Mume wangu anaenda kumwona, anarudi na ndizi na salamu za mtoto. Zangu hakuna. Na mimi kila siku nasema kesho nitaenda, kesho duka lina mzigo, kesho.

Kilichonitoa nyumbani ni mwalimu wa Aneth. Aliniita shuleni. Kumbe watoto walikuwa wanagombania bomba la maji, mmoja kamsukuma Aneth, na binti yangu kamwambia mwenzake, "Wewe si raia, rudi kwenu." Mwalimu akamuuliza nani kakufundisha. Akajibu bila kusita, "Mama, kwenye bembea." Mawe, mama wee! Mwalimu mwenyewe aliinamisha macho asiniangalie, na mimi nikasimama pale na kitenge changu kizuri najisikia mchafu kuliko lile bwawa. Mtoto aliyelelewa mgongoni kwa bibi yule!

Kesho yake nikafunga duka. Nikanunua sukari, sabuni na mkate, nikaenda Nyakatuntu.

Huku kwetu mkamwana akifika kwa mama mkwe wake hapokewi. Anapitia nyuma, anaweka mkoba, anafunga kanga, anashika kisu amenye ndizi huku anasimulia ya njiani. Miaka yote ndivyo nilivyoingia nyumba ile. Nikapitia nyuma. Mama alikuwa jikoni. Akaniona, akanyanyuka haraka, akajifuta mikono.

"Karibu, karibu sana. Pita mbele, jikoni kuna moshi."

"Shikamoo mama. Nimekuja kukusaidia."

"Marahaba. Hapana, umechoka na safari. Pita mbele ukae."

Akanishika mkono mwenyewe akanipeleka sebuleni. Akanivutia kiti kile chenye kitambaa cha kufuma, ambacho huwa anakaa padri akija kubariki nyumba. Akaingia chumbani akatoka na kikapu kidogo, kahawa ya kutafuna, ile akamwani tunayowawekea watu wa heshima wanaofika kwa mara ya kwanza. Akapiga goti akanipa kwa mikono miwili. Mimi, ambaye yeye ndiye aliyenifulia damu!

Nikaanguka chini nikalia. Nikamwambia mama nisamehe, ni hasira, sikuwa nasema wewe, nilikuwa namsema yule mwanamke.

Akaninyanyua taratibu. "Nimekusamehe siku ileile, mwanangu. Padri anasema tusamehe, nimesamehe." Akaketi mkekani, akaninyooshea kile kikapu tena. "Ila miaka yote nimekaa kwako nilikuwa najiuliza, huyu mtoto mkali hivi, siku nikimuudhi mimi ataniambia nini? Sasa nimejua. Siwezi kulala nyumba hiyo tena nikisubiri kuambiwa."

Mimi, wa mdomo wangu huu, nikachukua punje moja ya kahawa nikaitafuna.

Alipika mwenyewe. Nilipogusa kisu alikitoa mkononi mwangu bila hasira. Aliniwekea ndizi na maharage kwenye sahani nzuri, akaninawisha mikono. Jioni akanisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kumtembelea, akasema nimsalimie baba Aneth. Nimeenda tena mara kadhaa. Kila nikifika ni kiti kile, kahawa, sahani nzuri. Jikoni sijaingia.

Basi ninyi mtakaowapeleka watoto kwenye mabembea sikukuu hizi, mtakutana na watu kama wale tu. Watatema, watasukuma, watawapita foleni, watawarushia mifupa. Wasemeni nao wawaseme, mgombane kama lazima mgombane, muite mwenye bustani, na ikishindikana mchukueni mtoto mwende zenu. Lakini msimtukane mtu kwa alikozaliwa, hata awe mchafu kiasi gani. Tusi hilo halijui kumchagua mmoja.

Mama mkwe wangu yuko hai, mzima wa afya, na ananipokea vizuri sana. Msiombe kupokewa hivyo.