Ukuta wa Jikoni

Mimi jambo likishaniingia kichwani situlii, sili vizuri, silali vizuri. Mwaka jana jambo lenyewe lilikuwa jiko. Nyumba yetu ya Nyantakara ina jiko la ndani, lakini ni kachumba kenye giza, mchana kweupe unachambua mchele kwa tochi. Gesi tulikuwa tumeshanunua, moshi haukuwa shida tena. Kwenye simu nilikuwa nimeona majiko yasiyo na ukuta, mtu anapika huku anapiga soga na wageni sebuleni. Nikasema na langu litakuwa hivyo hivyo, liwalo na liwe.

Fundi alikuja, akagonga ukuta kwa kiganja, akapanda darini, akashuka na vumbi hadi kwenye nyusi. Akasema ukuta ule ndio umebeba kenchi, mbao zote za paa. Lazima zisimame kwanza nguzo mbili na bimu ya zege yenye nondo za kueleweka, ndipo tofali zitolewe.

"Ukibomoa hivi hivi, dada, hayo mabati utayavaa kofia."

Basi weka bimu! Kila alipokuja alinikuta nimebadilisha: nguzo isogee, sinki lihame, hapana, lirudi. Nilichora sakafu yote kwa mkaa. Mume wangu alicheka akasema fundi tumtandikie kitanda kabisa.

Mama yangu hakucheka. Alikuwa anaishi nasi tangu miguu ilipoanza kumvimba huko kwao Keza, akawa hawezi tena kuteka maji peke yake. Nilimbembeleza sana hadi akakubali kuja. Siku nondo zilipoletwa nilimkuta anakunja vitenge, anavipanga kwenye begi.

"Mama, vipi tena?"

"Narudi Keza."

"Na hiyo miguu?"

"Itanifikisha."

Damu ikanichemka. Nikamuuliza nani kamuudhi. Akaelekeza kidevu kwenye ukuta.

"Huo ukitoka, mimi nitakula wapi?"

Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawakai sebule moja, na mkwe hamwoni mama mkwe akitafuna. Jikoni ndiko kulikokuwa kwake. Alikaa kule kwenye kigoda, anamenya ndizi, anakula, anapumzika. Kila asubuhi mume wangu alisimama sebuleni akaita, "Shikamoo mama!" Naye akajibu kutoka ndani, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje?" Hapo waliongea mvua na mahindi, wakacheka, na ukuta katikati yao. Na mimi, binti wa kuzaliwa Keza, nimekaa hapo napima bimu!

"Mama, mambo ya zamani hayo," nikasema. "Mume wangu hana shida."

"Mimi ninayo," akasema, akaendelea kukunja.

Nilitoka nje nikaizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mume wangu alikuwa zizini. Nilipomweleza hakushangaa hata kidogo.

"Hata mimi nilikuwa najiuliza nitapita wapi kwenda kulala bila kumwona mama anakula," akasema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungenisikia?"

Loo! Nilitamani kumjibu vibaya, nikageuka nikarudi ndani.

Fundi alipofika kesho yake nilimwambia ukuta ule usiguswe. Avunje wa nyuma, aweke dirisha kubwa la kuingiza mwanga, na juu yake linta imara ya zege. Akashika kiuno.

"Dada, mimi hizo nondo nishazikata!"

"Zitaingia kwenye linta. Chora."

Akachukua chaki, akapima, akachora dirisha kwa ndani. Mama alikuwa amesimama kando, begi lake limeshafungwa, liko mlangoni. Bodaboda ya kumpeleka stendi alikuwa ameshaiagiza. Niliogopa kumuuliza kama bado anaondoka. Mimi, ninayeropoka kila kitu, niliogopa. Kule Keza ningemwacha na nani? Nikabaki kumkazania macho fundi kana kwamba sijawahi kuona chaki.

Mama akajikokota hadi ukutani. Akainua mkono, akaweka vidole chini ya mstari wa chini wa dirisha.

"Shusha kidogo," akamwambia. "Mimi ni mfupi, na nitakuwa nakaa."

Fundi akanitazama mimi.

"Shusha," nikasema.