Goti la Mama na Wanawake Wawili

Goti la mama lilipokataa kabisa, daktari alisema dawa za maumivu zimefika mwisho, sasa liwekwe la bandia. Hospitali tulizoweza kufika zilikuwa mbili, moja upande wetu na nyingine ng'ambo ya mpaka. Nyumbani walinipa mimi kazi ya kuchagua, na mimi hata kufunga bendeji sijui.

Nikafanya nilichoweza: nikaangalia watu waliowekewa magoti wanavyotembea. Muuza vitenge mmoja wa Malaba, mji wa mpakani, alipasuliwa ng'ambo, na kila asubuhi alivuka mpaka na mzigo wake kichwani, bila mkongojo. Jirani yetu hapa kijijini Moding alipasuliwa upande huu, na mwaka mzima baadaye bado alikwenda kwenye shamba lake la njugu kwa mkongojo. Nikasema jambo limekwisha. Nilijiona mjanja sana.

Tukavuka. Daktari wa ng'ambo alikuwa mpole. Akampima mama, akasoma vipimo, akatikisa kichwa.

"Mama, sukari yako iko juu sana. Kidonda kinaweza kataa kupona. Tushushe kwanza, ndio urudi."

Nikamuuliza kama huwa wanawarudisha wengi.

"Wenye sukari namna hii, wote," akasema bila kuficha.

Hapo nikachanganyikiwa. Muuza vitenge hana sukari. Aliingia pale mzima wa afya, isipokuwa goti. Jirani yetu anayo, na nakumbuka alivyosukumwa kwa mkokoteni hadi barabarani siku ya kwenda kupasuliwa, hawezi hata kusimama. Sasa nilikuwa nimelinganisha nini na nini? Pengine madaktari wa upande wetu ndio hodari zaidi. Pengine huyu ndiye mwangalifu, na wetu wanapasua yeyote anayekuja. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Tukakaa kwenye benchi nje. Mama akauliza, "Yule jirani, sukari yake ilikuwa kama yangu?"

"Kama yako."

"Na saa hii anatembea?"

"Na mkongojo, mama."

Akajivuta ukingoni mwa benchi ili asimame.

"Na mimi natembea na nini?"

Alikuwa amening'ang'ania bega kwa mikono yote miwili.