Alamu Kutoka Kichochoro Chetu

Nikisema nafanya kazi kwenye kampuni ya kebo, watu hunitazama miguu. Wanadhani napanda nguzo. Mimi hata ngazi ya kwenda kuanika nguo juu ya paa naipanda kwa bismillahi nyingi. Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa Mtoni, katika chumba chenye baridi ya kuvaa sweta, na mbele yangu pana skrini kubwa yenye ramani ya kila kifaa chetu kilichobandikwa ukutani, nguzoni na darini kwa watu. Kifaa kikiwa kizima, nukta yake ni ya kijani. Kikianza kulalamika, inageuka manjano. Kikizidiwa inakuwa nyekundu, na spika iliyo juu ya meza inalia mpaka nibonyeze kitufe kukiri kwamba nimesikia.

Mama yangu husema nimepata kazi ya tabia yangu, maana nilizaliwa mmbea. Sikatai. Alamu hukuletea maneno mawili matatu tu, kama “joto limezidi” au “mfuniko umefunguliwa”, na wewe ukiwa kitini unatakiwa ujue huko kumetokea nini. Ukizizoea unaujua mji mzima bila ya kuchungulia dirisha la mtu. Kunguru wakidonoa waya, najua. Mvua ya vuli ikianzia kusini, naiona inakuja, nukta baada ya nukta, kabla mawingu hayajafika kwetu. Kuna kifaa kimoja pembezoni mwa msitu wa Jozani ambacho kikituma habari ya mfuniko, hakuna anayeuliza: ni kima. Siku moja fundi wetu alikwenda mbio akamkuta mmoja kakaa juu ya sanduku, anatafuna jani, anamtazama kama vile yeye fundi ndiye mwizi. Ilibidi amngojee amalize kula.

Kitu kimoja alamu hazina: adabu. Hazijui Idi, hazijui msiba, na siku alipoolewa mdogo wangu hazikujua harusi.

Niliomba ruhusa ya siku ile mapema sana, na mwenzangu akakubali kunishikia zamu. Asubuhi akanipigia, mkewe kashikwa na uchungu wa kujifungua. Utamwambia nini mtu ambaye mkewe yuko leba? Nilimwombea dua, nikakata simu, nikapiga teke ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. Mama akaniambia niache kisirani, harusi haiozi, nitamkuta mdogo wangu na hina yake nikirudi. Lakini sherehe yetu wanawake ni ya alasiri, na zamu yangu ilikuwa mpaka magharibi. Niliondoka nyumbani nimenuna, nikapita katikati ya masufuria ya biriani bila ya kumsalimia hata mmoja.

Ila kulikuwa na mtu aliyekuwa na uchungu kuliko mimi. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyemlea mdogo wangu tangu alipoachishwa ziwa. Na zaidi ya hayo, katika ukoo wetu hakuna harusi iliyowahi kwenda bila ya amri yake. Yeye ndiye huamua nani anapika, nani anakaa wapi, na nani aambiwe kwamba nguo yake haikumpendeza. Alikwenda Maskati kumtazama binti yake, akateleza ngazini, akavunjika mguu, na madaktari wakamkataza ndege. Alilia kwenye simu wiki nzima. Siku ya mwisho alikuwa hata halii tena, akasema tu, “Asiyekuwepo na lake halipo.”

Kwa hiyo tukamfanyia mpango. Simu moja ingewekwa sebuleni kupiga picha ya moja kwa moja, na yeye aonekane kwenye tivii kubwa ukutani. Mama alikubali kwa masharti, maana shughuli ya wanawake haipigwi picha ovyo: simu ni hiyo hiyo moja, na huko Maskati asiwepo mwanamume chumbani. Mkwe wake alifukuzwa sebuleni kwake mwenyewe, akaambiwa akanywe kahawa kwa jirani. Mtandao wa simu ndani ya kuta zetu za mawe ni wa kubahatisha, basi picha ilipita kwenye kebo ya kampuni yetu. Mimi ndiye niliyewahakikishia kwamba haitakatika. Niliapa, tena kwa kujidai.

Alamu ya kwanza kutoka mtaani kwetu ilikuja baada ya adhuhuri. “Joto limezidi.” Nikacheka peke yangu. Sanduku la umeme linalolisha vifaa vya mtaa mzima limebandikwa juu ya baraza yetu, na nilijua kabisa wameyasogeza masufuria kivulini, chini yake. Nukta ikakaa manjano muda kidogo, kisha ikarudi kijani, nikajua biriani imeshapakuliwa. Ya pili ikaja alasiri: “mfuniko umefunguliwa.” Hapo nikajua wapambaji wamepata mahali pa kufungia mashada ya asmini. Nilianza kufurahi. Nilijiona nami nimo, nakaa kwenye kona yangu ya harusi, sioni kitu lakini nasikia harufu.

Ya tatu ilikuwa nyekundu. “Umeme umekatika. Kifaa kinatumia betri.”

Nikabonyeza kitufe cha kukiri, kisha nikatazama majirani wa sanduku lile. Kote kijani, kwa hiyo mji ulikuwa na umeme. Basi mtu kachomoa plagi. Waya wa sanduku unaingia kwenye soketi iliyo dakani kwetu, kile kijiukumbi cha mlangoni, na juu yake tuliandika kwa herufi kubwa kwamba isiguswe. Lakini daka lote lilikuwa limefunikwa kwa vitambaa vya mapambo, maandishi yakafunikwa pamoja nalo, na kikundi cha taarabu kilikuwa kimefika na maspika yake. Sikuhitaji kuambiwa. Niliyaona maspika yale kwa macho ya moyo, yamechomekwa mahali pa kebo yangu, yanavuma.

Betri ya sanduku lile ni kongwe, nimeshaipigia kelele kwenye vikao mpaka wananikwepa. Nambari yake ikaanza kuteremka mbele ya macho yangu. Ikifika chini, mtaa mzima unakatika, na tivii yetu ya sebuleni pamoja nao. Nami nilijua saa ile mdogo wangu yuko ghorofani, anamaliziwa kupambwa, tayari kuteremshwa.

Nilimpigia mama. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga kwa kila mwanamke ninayemjua aliyekuwa mle ndani. Kwa kelele ile ni nani angesikia? Kisha nikakumbuka fundi wetu yuko Darajani, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu. Nikamtuma. Akanipigia baada ya muda, anahema.

“Dada, nshafika. Lakini hapapitiki.”

“Kwa nini?”

“Wameziba kichochoro kwa mapazia. Na pana bibi kashika mwiko wa biriani, anasema mwanamume wa kwanza kupita utamwangukia kichwani.”

Nikasikia nyuma yake sauti ya shangazi yangu: “Kampuni, kampuni! Kampuni haina mama zake? Rudi ulikotoka!”

“Mpe simu nizungumze nae,” nikasema.

“Haitaki. Anasema ina kamera.”

Niliinama mezani nikataka kucheka, na machozi yakanitoka. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Shangazi alikuwa anafanya kazi yake barabara. Hata mimi ningekuwa pale ningeushika huo mwiko. Nilimfikiria mama mkubwa, kavaa nguo mpya, kakaa na mguu wake juu ya mto, anaitazama ile ngazi tupu, na sasa hivi kioo kitamzimikia usoni. Wiki nzima ya kulia, na mimi nimeapa.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja mwenye simu wazi na sauti inayotoka kwenye tivii. Nikampigia mama mkubwa Maskati, kwenye simu yake ndogo ya mkononi, si ile yenye picha.

“Unapiga simu ya nini saa hizi?” akafoka. “Anateremka huyu!”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, sema upesi.”

“Picha itakatika. Maspika ya taarabu yamechomekwa dakani, kwenye soketi ya kebo. Waambie wayachomoe, wairudishe plagi yetu.”

“Niwaambie mie? Mie si niko Maskati!”

“Wewe ndo uliyeko ndani, mama. Sisi wote tuko nje. Wapigie kelele.”

Nikamsikia anavuta pumzi, ile pumzi ambayo tangu utotoni tukiisikia tulitafuta mlango. Kisha akaachia.

“We mdogo wanguuu!”

Kwa mbali, kutoka nyumbani kwetu hadi Maskati na kurudi kwenye sikio langu, nikasikia sauti ya mama, mtu mzima mwenye wajukuu, inaitika kwa hofu: “Naam, dada!”

“Nani kachomeka maspika dakani? Yachomoeni! Irudisheni plagi ya kebo, sasa hivi, kabla sijafika!”

Hakuna aliyekumbuka kuuliza angefika vipi. Nikasikia zogo, viti vikiburuzwa, mtu akipiga mayowe kwamba waya uko chini ya kitambaa cha waridi. Na mama mkubwa, alipoona anatiiwa, akanoga. “Na hicho kiti cha bibi harusi kimepinda, hamkioni? Kigeuzeni. Wewe mwenye dera la njano, hapo si pako, pa mama mkwe hapo. Inuka. Na ubani uko wapi? Nyumba ya harusi haina ubani, mmekuwa mayatima?”

Muziki ukakatika kwa mkupuo. Mbele yangu ile nukta nyekundu ikasita, ikawa manjano, ikawa kijani.

Sasa likawa jambo jingine: bibi harusi yuko katikati ya ngazi, na taarabu imezimwa. Jirani mmoja alikwenda kuvuta waya kutoka kwake, lakini bibi harusi hasimamishwi ngazini kama gari linalongoja petroli. Mama mkubwa hakungoja mtu. Akaanza kuimba yeye, wimbo wa kumtoa mwali ambao bibi zetu waliuimba kwa mkono na mdomo tu. Sauti yake ilikuwa inafika sebuleni imechelewa kidogo, kwa hiyo walioujua wimbo walimtangulia, wasioujua wakamfuata, na kikawa kichekesho, wanawake wanacheka huku wanaimba. Kisha wakapata mahali pa kukutania. Makofi yakashika. Niliegemea kiti nikafumba macho, na skrini yangu yote ikiwa kijani.

Ghafla yeye akaacha kuimba. Wenzake wakaendelea.

“Mama?” nikaita. “Upo?”

“Nipo.”

“Katoka?”

“Katoka.” Kisha akauliza, “Kwani wewe humwoni?”

“Simwoni, mama. Hapa haturuhusiwi kutazama picha kazini. Mie naona nukta tu.”

Nikamsikia anapenga kamasi. Kutoka Mtoni mpaka nyumbani kwetu ni mwendo mfupi tu wa gari, na kati ya mama mkubwa na sisi kuna bahari nzima, lakini anayeona ni yeye.

“Basi ngoja nkwambie,” akasema. “Kavaa kijani. Hina imeshika mpaka kwenye viwiko, nyeusi, nzuri. Kichwa kakiinamisha kama nlivyomfunza. Kiatu kinambana huyu, anakanyagia pembeni, nshamwambia asinunue cha mtandaoni. Mama yako analia kwa sauti, hana haya. Sasa wanamkalisha. Kakaa. Kainua macho. Ananitazama mie.”

“Anasemaje?”

“Hasemi. Kaniona, katabasamu, sasa anatazama huku na huku. Anapekua watu kwa macho. Anakutafuta wewe.”

Nilikuwa nalia kwa sauti, ndani ya chumba cha watu, na sweta langu.

“Usilie,” akasema mama mkubwa, naye analia. “Nakuweka kwenye spika. Nakusogeza kwenye picha. Haya, uko mbele yake. Mwambie upo.”

Nikasimama. Nilivuta pumzi, nikapiga kigelegele, kirefu, cha kutoka tumboni, kile nilichokiweka tangu asubuhi. Mkuu wetu akafungua mlango wa ofisi yake mbio, macho yamemtoka, akauliza kuna alamu gani. Nikampungia mkono anyamaze. Nilikuwa nimebana simu sikioni, kwa sababu kigelegele changu kilikuwa kimekwenda Maskati, kimerudi kikaingia sebuleni kwetu, na wanawake wote wa nyumba yetu walikuwa wamekipokea.