Mwenyekiti na Nyegere Mpya

Mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti, na wala hakuwa mwenyekiti wa chama chochote cha maana. Alikuwa fundi wa gia, oili imemwingia hadi kwenye kucha, na aliongoza kundi la kwenye simu la watu wenye wazimu wa gari moja tu: Nyegere, gari la michezo la milango miwili ambalo kiwanda chake kiliacha kulitengeneza miaka mingi nyuma. La kwake, jekundu lililopauka, alilifufua gerejini akisaidiana na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Siku linapowashwa, majirani hufunga madirisha.

Kisha ikatangazwa kwamba Nyegere anarudi. Loo, watu walivyoshangilia! Furaha yenyewe ilidumu mpaka ilipojulikana kwamba kiwanda hakikuwa na ubavu wa kulitengeneza peke yake. Kilikuwa kimeingia ubia na kampuni ya ng'ambo, na injini, gia, hata vitufe vya redio vilikuwa vya hao wabia. Kundi likawaka moto.

"Bila huo ubia msingeona hata kioo chake," waliandika wengine. "Acheni roho mbaya."

"Wamechukua gari la watu, wakabandika nembo yetu!" wakajibiwa.

Mkali kuliko wote alikuwa Mwenyekiti. "Siku nikilisifu hilo, niiteni mbwa," aliandika. Jamani, mtu mzima na akili zake anajifunga hivyo kwa nini? Lakini walimpigia makofi, kichwa kikamvimba.

Shemeji alikuwa dereva kwenye yadi ya waagizaji wa magari, kazi yake kuyapokea na kuyapanga. Nyegere mpya wa kwanza alipoletwa, yeye ndiye aliyemshusha. Alimjua vizuri mume wa dada yake: domo kubwa, moyoni anakufa kwa hamu. Jumamosi akamdanganya mlinzi kwamba anakwenda kujaza mafuta, akalileta gari moja kwa moja gerejini.

"Panda, shemeji. Upesi, kabla bosi hajarudi. Nimetaka wewe uwe wa kwanza."

"Mimi? Hilo?"

"Acha maringo bwana, nani anakuona?"

Akapanda, akashika usukani. Wakaingia barabara ya viwandani isiyokuwa na mtu, na nisemeje mimi? Gari lilikuwa zuri. Zuri mno! Lilikamata kona bila kuyumba, na gia ziliingia kwa ulaini ambao yeye, fundi mzima, hakuwahi kuukuta popote. Alitafuta kasoro kwa udi na uvumba, asipate hata ya kusingizia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na shemeji akacheka naye, akimpigapiga begani.

Waliporudi, walikuta wanakundi kadhaa mlangoni. Kumbe kuna aliyeliona likipita. Simu zilikuwa juu, zinarekodi.

"Enhe, Mwenyekiti, tuambie! Tukuite mbwa au tusikuite?"

Neno moja tu la kweli lingetosha. Wangemcheka siku mbili, wangesahau. Lakini aliziangalia zile simu, uso ukamwiva, akaogopa kuchekwa kama anavyoogopa mtoto.

"Takataka," akasema. "Bati tupu, halina roho. Shemeji huyu hapa kaliiba saa hii yadini kwao kuja kunibembeleza, lakini mimi hainunuliwi hivyo roho yangu!"

Wakapiga vigelegele. Shemeji alimtazama kidogo, akaingia garini, akaondoka bila kuaga.

Video ilisambaa siku ileile. Uso wa shemeji ulionekana wazi, na hayo maneno ya kuiba yalisikika wazi zaidi. Jumatatu bosi alimvua ovaroli mbele ya wenzake, akamwambia asikanyage tena pale.

Jioni mke wa Mwenyekiti aliweka kisu na vitunguu mezani, hakumenya hata kimoja.

"Mdogo wangu kafukuzwa kazi. Kaniomba nisikuulize kitu, lakini nakuuliza. Gari lilikuwa baya hivyo?"

Mwenyekiti alikuwa ameshika tama. Simu yake mezani ilijaa pongezi za watu ambao wengi wao hata sura zao hazijui.

"Lilikuwa zuri," akasema. "Sijawahi kuendesha gari zuri kama lile."

"Na yeye anajua?"

"Anajua. Tulikuwa tunacheka wote."

Mama wa watu akaduwaa. "Sasa ulisema vile ili upate nini?"

Mwenyekiti akachukua simu, akampigia shemeji. Ikapokelewa. Akaanza kuomba radhi, maneno yakitoka nusunusu.

"Hakuna neno, shemeji," ilisema sauti ya upande wa pili, kwa heshima zote. "Ulifurahi, nilikuona mwenyewe. Usinipigie tena."