Siku Nilipomtetea Ndovu kule Marungu

Jamani, hii aibu ningeenda nayo kaburini, ila watu wa Marungu hawataki, kila harusi lazima mtu aisimulie na mimi nimekaa pale pale nakula pilau, kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili hapo Marungu, bondeni kando ya mbuga ya wanyama, lakini mimi ni msichana wa Chawia huko milimani, na kwetu ndovu tulimjua kwa picha tu (na baridi ile aje kufanya nini?). Nilikuwa nimeposwa na kijana wa huko Marungu, Mwakio, aliyefanya kazi ya reli Voi, na wazee walikuwa hawajamaliza mazungumzo, yaani nilitakiwa niufunge mdomo wangu kabisa, hasa mbele ya mama yake.

Basi mchana mmoja gari la sinema likaja shuleni kutuonyesha filamu ya kuchimba vyoo. Tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe ukutani, watoto wakakaa chini na wazazi nyuma, joto kama tanuri. Vyoo vilipokwisha, yule bwana wa mtambo akasema anayo katuni fupi ya watoto lakini ni ya Kizungu, nani atatafsiri? Ningenyamaza tu! Lakini kimbelembele changu kikanisimamisha, nikashika kipaza sauti.

Katuni yenyewe ilikuwa ya mtoto wa ndovu, rangi ya samawati, amevaa soksi nyekundu miguu yote minne. Anaingia shambani kwa mzee mmoja wa masharubu, anakula ndizi, mzee anamfukuza na ufagio, anateleza, chubwi ndani ya pipa la maji. Mimi nikacheka mpaka nikajishika mbavu, wala sikuona kwamba nacheka peke yangu. Halafu, kwa kuwa mwalimu hawezi kuacha kitu kipite bila funzo, nikauliza, "Haya watoto, kati ya hawa wawili nani ana tabia mbaya?"

"Ndovuuu!" wakajibu wote.

"Hapana! Ndovu ana njaa tu. Mbaya ni huyu mzee mchoyo. Ndizi zote hizi, angempa mbili angepungukiwa na nini?"

Kisha nyuma kabisa mtu akasimama, na alikuwa Mama Mwakio, mkwe wangu mtarajiwa. (Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba alfajiri hiyo ndovu saba walipita shambani kwake wakamwachia mabua na mavi.)

"Mwalimu," akasema polepole, "wewe umeshamwona ndovu akila ndizi mbili akasema, asante mama, nimeshiba?"

Darasa likalipuka. Mmoja akapaza sauti kwamba nimetumwa na watu wa mbuga. Mwingine akataka yule mzee wa masharubu alipwe fidia. Babu mmoja akasimama na fimbo yake akasema, "Na hizo soksi amevaa kusudi, tusijue nyayo zake!"

Badala ya kuomba msamaha, nikamwambia bwana wa mtambo airudishe filamu, nikidhani wakiiona tena wataelewa. Naye akairudisha nyuma hivyo hivyo taa ya mtambo ikiwaka, picha zikaenda kinyume pale kwenye shuka. Tukamwona mzee akiruka kutoka kwenye pipa akiwa mkavu, akikimbia kinyumenyume, na ndovu akizitoa ndizi mdomoni moja moja, akizipachika mgombani, kisha akitoka shambani matako mbele. Wee! Vigelegele!

"Amerudisha zote!"

"Huyu sasa ndiye ndovu mwenye adabu!" Ndiyo hukumu ya yule babu wa fimbo, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama Mwakio hakupiga makofi. "Ndovu amejirekebisha," akasema. "Bado mwalimu."

Nikamgeukia mwalimu mwenzangu nikamnong'oneza, "Dada, huyu mama ni mkali kuliko ndovu mwenyewe." Kumbe kipaza sauti bado nimekishika. Spika zilikuwa juu ya gari, nje, na maneno yangu yakatoka huko kama tangazo la chifu. Hata mchungaji wa mbuzi kule ng'ambo ya korongo aliyasikia, aliniambia mwenyewe baadaye.

Posa haikuvunjika, lakini ujumbe ulikuja: kabla ya jambo lolote, mwalimu atumie likizo shambani. Nikalima na Mama Mwakio mwezi mzima, tukapanda migomba upya, viganja vikanitoka malengelenge, na yeye hakutaja ile siku hata mara moja, jambo lililonichoma kuliko matusi. Siku ya mwisho akanipaka mafuta mikononi akasema tu, "Sasa unaweza kuolewa."

Nimekuwa mke wa Mwakio tangu wakati huo, na niliapa kwamba sitahukumu mtu yeyote wa katuni. Watoto wangu wakiniuliza nani mbaya hapo, nawajibu sijui, kwanza niambieni shamba ni la nani.