Tulipozitoa Hendeli

Baba alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala, na mashine yetu ya milingi ikalala nao. Ni mashine nzito ya kuchonga vyuma, ya kuzungushwa kwa hendeli, iliyokuwa katika karakana yetu Changamwe tangu kabla sijazaliwa. Mimi ni bintiye na kazi amenifunza yeye, lakini mkono wangu haukuwahi kuwa wake. Skrubu inayosukuma meza, ile inayobeba chuma, imeliwa katikati, hata hendeli huzunguka bure kidogo kabla meza haijasogea. Baba alikuwa akiirudisha nyuma, kisha anaileta mbele taratibu, na kipimo kinatoka sawasawa. Mimi nikiiga hivyo hivyo, chuma kinaharibika. Wateja wakaanza kuuliza mzee atarudi lini.

Nikaamua tuifungie mashine kompyuta. Fundi wa umeme, mtu wa bara asiye na maneno mengi, alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa skrubu zote, kuweka mpya zisizo na ulegevu, na mota zikae mahali pa hendeli. Hapo hakuna atakayeizungusha kwa mkono tena. Ya pili ni kuacha skrubu na hendeli zilivyo, mota zizivute kwa mkanda, na kompyuta iambiwe ulegevu ni kiasi gani.

"Mzee, hii ya pili ina hatari," alimwambia baba. "Mota ikivuta, hendeli nayo inazunguka. Ikinasa mkono wa mtu, inauvunja."

"Ziacheni," alisema baba. "Mkono wangu utarudi, inshallah. Ukirudi, utashika nini?"

Daktari alikuwa ameshaniambia kando kuwa hautarudi. Sikumwambia baba, nikachagua njia ya pili. Wengine waliniita mwenye huruma. Ulikuwa woga tu.

Siku ya kuijaribu, baba aliketi kwenye kiti chake cha plastiki, hatua chache kutoka kwenye mashine, mkono umelala juu ya paja. Fundi akabonyeza, hendeli ikaanza kuzunguka yenyewe. Mota najua ni nini. Zile nilizifunga mwenyewe, boliti kwa boliti. Hata hivyo nilirudi nyuma hatua moja. Kishikio cha mbao, kilicholainishwa na kiganja cha baba, kilikuwa kikipanda na kushuka bila mtu. Kilipofika mwisho wa mkato kikarudi nyuma kidogo, kikasita, kikaja mbele taratibu.

"Nani ameifundisha hivyo?" nilimuuliza fundi.

"Ni kompyuta tu, dada. Inaondoa ule ulegevu."

Jibu lilinitosha mpaka nilipogeuka. Mkono wa baba ulikuwa ukizunguka juu ya paja, polepole, vidole vimejikunja, ukienda sambamba na hendeli. Baba mwenyewe alikuwa akitazama mlangoni. Fundi alipozima, ukatulia.

"Baba, umeusogeza mkono?"

"Mkono gani?"

Mimi si mtu wa kukimbilia habari za majini. Mtaani kwetu Kisauni mtu akipoteza ufunguo huwasingizia wao, nami humcheka. Nilijiambia ni mishipa. Lakini nikawa naiwasha mashine bila chuma ndani, ili nitazame tu, na kila mara mkono ulizunguka. Nikaanza kuamini kuwa daktari alikosea.

Alasiri moja, mashine ikikata, nilikuwa nikipanga vyuma kwenye rafu. Baba akainuka, akajivuta hadi kwenye mashine, akaubeba mkono wa kulia kwa wa kushoto na kuuweka juu ya kishikio. Nilipogeuka, bega lake lilikuwa likivutwa juu na chini na mkono wa kanzu umeanza kujiviringisha. Nikapiga kitufe chekundu. Mashine ikasimama, lakini mkono haukuachia. Miezi minane haukuweza kushika hata kikombe, na sasa ilibidi niubandue kidole kimoja kimoja. Vidole vilikuwa baridi kama chuma chenyewe.

"Umeshika, mwanangu," alisema baba. Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. "Niache kidogo."

Sikumwacha. Hofu yangu siku zote hutoka kama hasira, kwa hiyo nilimfokea baba yangu, jambo linaloniuma hadi leo. Kesho yake nilimwambia fundi afuate ile njia ya kwanza. Aling'oa skrubu na hendeli zote tatu. Baba hakunigombeza. Alisema "Haya" tu, na tangu hapo hajakanyaga Changamwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kazi sasa inatoka vizuri, wateja wamerudi. Juma lililopita, saa nne asubuhi, umeme ulikatika chuma kikiwa nusu. Sijafika hata mlangoni, simu ikalia. Alikuwa mama, kutoka nyumbani Kisauni.

"Kuna nini huko, mwanangu? Mbona mumesimama?"

"Nani amekwambia tumesimama?"

"Babako yuko hapa, hajasema neno tangu alfajiri. Lakini mkono wake huanza kuzunguka mnapofungua kazi, hadi mnapofunga. Kila siku, wallahi. Sikutaka kukutisha. Sasa umesimama, uko juu hewani, na haushuki."

Niliketi kwenye kiti cha plastiki. Nilitaka kumwambia ni mishipa, nikashindwa.

"Muulize anataka nini," nilisema.

Nilimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, kisha sauti ya baba, nzito, ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki kadhaa.

"Asema usikiache chuma katikati, kitaharibika."

Nililia hapo hapo kwenye kiti, simu sikioni, na mama hakukata. Umeme uliporudi nilikwenda kwenye mashine na kubonyeza kitufe. Meza ikasogea. Upande wa pili wa simu nikamsikia mama akishusha pumzi.